Abu Firas al-Hamdani na Mama Yake wa Manbij



Katika kurasa za wasifu tumezoea kusoma habari za maimamu wa madhehebu, wapokezi wa Hadithi na masheikh wa mwambao wetu. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa faqihi wala muhaddith. Alikuwa askari na liwali wa mji mmoja mdogo, akafa akiwa na umri wa miaka 36, na lau kama si mashairi yake jina lake lingebakia katika vitabu vya tarehe kwa mistari miwili mitatu, kisha basi.

Wanaosoma adabu ya Kiarabu katika madarasa ya juu hukutana naye kama shujaa: farasi, panga, na fahari ya ukoo. Hayo yamo kweli. Lakini anayeifungua diwani yake na kuisoma kwa utulivu ataona kwamba mtu anayetajwa kwa uchungu kuliko wote ndani yake ni bibi mmoja mzee aliyekuwa akiishi katika mji wa Manbij, nchi ya Sham. Bibi huyo ni mama yake. Yako mashairi aliyompelekea, liko aliloliandika kumtetea, na liko alilomlilia. Tukiyaweka pamoja tunapata habari ya mtoto mtu mzima na mama yake ambayo vitabu vya vita havikuijali sana, na hiyo ndiyo tunayokusudia kuisimulia.

Jina lake ni al-Harith bin Said bin Hamdan, wa kabila la Taghlib. Abu Firas ni kunia yake, na Waarabu humwita simba kwa kunia hiyo. Alizaliwa mwaka 320 Hijria (932 Miladia), zama ambazo ukhalifa wa Bani Abbas ulikuwa umedhoofika na kila jimbo limepata mwenyewe. Ukoo wake, Bani Hamdan, ulikuwa ukigombania Mosul na pande zake. Katika ugomvi huo baba yake aliuawa mwaka 323 (935), na aliyemuua alikuwa mtoto wa ndugu yake mwenyewe, yule aliyekuja kujulikana kwa jina la Nasirud-Dawla. Abu Firas alikuwa na miaka mitatu.

Mama yake alikuwa mjakazi wa Kirumi. Tunaposema Warumi hapa hatukusudii watu wa mji wa Roma ulioko Italia. Tunakusudia watu wa dola ya Kikristo ya mashariki, ambao mji wao mkuu ulikuwa Qustantiniyya, yaani Istanbul ya leo, na lugha yao ilikuwa Kigiriki. Waliokwisha kusoma mlango wa umm walad katika fiqhi wanaijua hukumu yake: mjakazi akimzalia bwana wake mtoto hauzwi tena, na bwana akifa yeye huwa huru. Basi bibi huyu aliupata uhuru wake siku ile ile aliyofiwa, akiwa na mtoto mdogo mkononi, mbali na watu wake, katikati ya ukoo ambao ndio uliomwaga damu ya baba wa mtoto. Ndugu wa kumkimbilia hakuwa nao.

Abu Firas alipokua, baadhi ya jamaa zake walikuwa wakimsimanga kwa asili ya mama yake. Naye hakunyamaza. Katika shairi moja alieleza kwamba hofu aliyokuwa nayo juu ya wajomba zake Warumi ni robo tu ya hofu aliyokuwa nayo juu ya ami zake Waarabu. Ukikumbuka nani aliyemuua baba yake, hutasema kwamba alitia chumvi.

Aliyemlea na kumwinua ni Sayfud-Dawla, ambaye alikuwa ndugu mdogo wa Nasirud-Dawla, yaani ndugu wa muuaji. Alikuwa binamu yake Abu Firas, na tena alikuwa shemeji yake kwa kuwa alimuoa dada yake. Mwaka 333 (944) Sayfud-Dawla aliiteka Halab akaifanya makao yake. Baraza lake likawa mashuhuri kuliko mabaraza yote ya wakati ule. Hapo alikuwapo al-Farabi mwanafalsafa, alikuwapo al-Mutanabbi bingwa wa washairi, na alikuwapo Ibn Khalawayh mwanachuoni wa nahau, ambaye alimsomesha Abu Firas na ndiye aliyekuja kuikusanya na kuisherehesha diwani yake. Mwaka 336 (947), kijana akiwa na miaka kama 16, alipewa uliwali wa Manbij, mji ulioko kaskazini mashariki ya Halab kwa kiasi cha kilomita 80, karibu na mto Furati na si mbali na mpaka wa Warumi. Manbij ndiko mama yake alikokaa akazeekea.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu bila ya kuijua desturi ya washairi hatutaona alichokifanya Abu Firas. Katika ushairi wa Kiarabu wa zamani marthia, yaani shairi la maombolezo, lilikuwa ni la wanaume waliokufa. Al-Khansa alimlilia ndugu yake Sakhr, na wengine waliwalilia machifu wao. Ibn Rashiq wa Qayrawan, katika kitabu chake kiitwacho al-Umda, alisema wazi kwamba katika maombolezo hakuna lililo gumu kwa mshairi kama kumlilia mtoto au mwanamke, kwa sababu ya ufinyu wa maneno ya kusema juu yao. Ushahidi wake hauko mbali. Mama yake Sayfud-Dawla alipofariki mwaka 337 (948), al-Mutanabbi alitunga marthia mashuhuri, na wahakiki wakamkosoa kwa kutaja uzuri wa uso katika maombolezo ya mama wa mfalme. Ni shairi kubwa, hatulipunguzi thamani. Lakini ni shairi la kazi: linamsifu mama ili mwana asikie. Al-Mutanabbi huyo huyo alipomlilia bibi yake mzaa mama, aliyemlea Kufa na ambaye husimuliwa kwamba alikufa kwa furaha ya kupokea barua yake baada ya kukata tamaa naye, sauti ikawa nyingine kabisa. Kwa hiyo tofauti haikuwa katika ufundi.

Abu Firas kwa miaka 15 alikuwa askari wa mpakani. Alipigana na Warumi, akapigana na makabila ya Waarabu yaliyomuasi Sayfud-Dawla, na mashairi yake ya wakati huo ni ya kujifaharisha kama ilivyokuwa ada. Mwishoni mwa mwaka 351 (962) Warumi chini ya jemadari wao Nikephoros Phokas waliivamia Sham ya kaskazini. Abu Firas alikamatwa upande wa Manbij akiwa na jeraha, chuma cha mshale kimebakia pajani. Mwezi wa Desemba Halab yenyewe ilivunjwa ikaporwa, pamoja na kasri ya Sayfud-Dawla. Mateka alipelekwa kwanza ngome ya Kharshana, kisha Qustantiniyya. (Kiko kisa cha kwamba aliwahi kukamatwa kabla ya hapo akaruka na farasi wake kutoka ngomeni mpaka mtoni Furati. Kinapendwa sana, ila wanachuoni wamehitilafiana juu yake, nasi hatutakitegemea.)

Angalieni mgeuko huo. Bibi mwenye asili ya Rum alikuwa anazeeka peke yake Sham, na mtoto wake, Mwarabu wa Taghlib, alikuwa amefungwa Rum, akisikia pande zote lugha ya watu wa mama yake.

Mashairi aliyoyatunga kifungoni huitwa ar-Rumiyyat, na ndiyo yaliyompa nafasi yake. Baadhi yao ni maarufu hata kwa wasiojua jina lake. Lile analoanza kwa habari ya mtu mgumu wa machozi, anayeficha mapenzi yake mchana na kulia usiku, liliimbwa na Umm Kulthum katika karne ya 20, na wazee wetu wengi wa mwambao waliokuwa wakimsikiliza redioni wanalijua. Lile la njiwa aliyelia karibu na mfungwa husomeshwa watoto katika skuli za nchi za Kiarabu hadi leo. Lakini katika haya mawili mshairi bado anajitazama mwenyewe, na heshima yake iko palepale. Kwenye mashairi ya mama ndipo heshima ile inapopata mtihani.

Mtihani wenyewe ni huu. Mateka mwenye cheo alikuwa na njia mbili za kutoka: abadilishwe na mateka wa upande wa pili, au alipiwe fidia. Kwa askari aliyejisifu miaka yote kwamba haogopi kifo, kuandika barua ya kuomba alipiwe fidia ni jambo zito. Wenzake wangesema: kumbe? Abu Firas aliomba. Na katika shairi moja alilompelekea mama yake akatoa sababu bila ya kuzungukazunguka. Alikiri kwamba kwa nafsi yake angekataa kuomba na angekipokea kifo bila ya kukiogopa, ila yuko bibi mzee Manbij, na alilolitaka bibi huyo ndilo alilolifuata, hata kama limemvuta kwenye unyonge asioupenda. Kisha anageuka kumtuliza, anamtaka asubiri, asikate tamaa na fadhila za Mwenyezi Mungu.

Tukilisoma kwa haraka tutadhani ni shairi la huruma tu. Ukweli ni kwamba lina ukali ndani yake. Mtoto anamwambia mama kuwa wewe ndiye uliyenifanya niogope. Kila mwenye mama mzee aliye mbali anaijua hofu hii: mtu hajiogopei nafsi yake, anaogopa habari zake zitakavyofika kwa yule aliyemzaa. Na sisi tunaokaa bweni, ambao mama zetu wengine wako Pemba, wengine Lamu na wengine Maskati, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Liko na shairi jingine alilomwandikia akiwa na maumivu ya jeraha, hata akadhani hatapona. Humo anamkumbusha wanawake wawili ambao kila mwanafunzi wa sira anawajua. Wa kwanza ni Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.), aliyeitwa Dhatun-Nitaqayn kwa kuukata mshipi wake afungie chakula cha Hijra. Mwaka 73 Hijria (692), Makka ikiwa imezingirwa na jeshi la Hajjaj, mwanawe Abdullah bin Zubayr, mzee wa miaka zaidi ya 70, alimwendea mama yake, ambaye alikuwa amekaribia miaka mia na macho yamekwisha, kumtaka shauri: watu wamemkimbia, na maadui wanamwahidi dunia akisalimu amri. Mama alimtaka asimame kwenye haki yake. Akatoka, akauawa, na maiti yake ikasulubiwa. Wa pili ni Bibi Safiyya binti Abdul-Muttalib (r.a.), aliyefika Uhud mwaka 3 Hijria (625) kumtazama ndugu yake Hamza aliyekatwakatwa. Mtume (S.A.W.) alimtuma mwanawe, Zubayr, amzuie mama yake asione, naye akasema atasubiri, akaenda, akaona, akaomba maghfira.

Vitabu vingi hutaja mifano hii na kupita. Sisi tunaomba ndugu wasomaji watazame jinsi ilivyochaguliwa. Safiyya ni mama yake Zubayr, na Asmaa ni mke wa Zubayr: mkwe na mkaza mwana wa nyumba moja, na kila mmoja wao katika kisa chake yuko pamoja na mtoto wake wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima. Mfungwa wa Rum hakumchukulia mama yake mfano kutoka kwa malkia au kutoka kwa wake za wafalme wa Bani Hamdan. Alimchukua mjakazi aliyesimangwa kwa asili yake akamkalisha safu moja na wanawake wa nyumba ya Mtume na Maswahaba. Kwa waliokuwa wakimcheka huko Halab, hilo lilikuwa jawabu tosha.

Na bado kuna jambo halilingani. Mwana wa Asmaa alikataa usalama, akafa. Abu Firas anataka mama yake awe Asmaa, huku yeye mwenyewe anaomba akombolewe kwa ajili ya mama huyo huyo! Tunaona kwamba alilijua hilo, na hakulificha. Alikuwa akimtayarisha mama kwa khabari mbaya na wakati huo huo anafanya kila njia isimfike.

Mama naye hakukaa kitako. Alifunga safari kutoka Manbij mpaka Halab, mji ambao ulikuwa ndiyo kwanza unajiokota katika magofu, akaingia kwa Sayfud-Dawla kumuombea mwanawe. Akakataliwa. Akarudi kama alivyokwenda.

Habari hiyo ilimfika mfungwa, na kasida aliyoitunga baada yake ndiyo tunayoiona kuwa kali kuliko zote. Haikuelekezwa kwa mama, ilielekezwa kwa amiri. Humo mama yake si Asmaa tena. Ni mgonjwa, yuko peke yake Sham, aliyekuwa akimpoza maradhi yake amo mikononi mwa maadui. Anawasimamisha wasafiri kuwauliza habari za mateka wa Kharshana. Na swali la kasida kwa amiri ni moja: ulimrudishaje mtu kama huyu mlangoni pako mikono mitupu, naye hana pengine pa kukimbilia isipokuwa kwako? Anamkumbusha udugu, anamkumbusha ahadi, na anakaribia kumtia aibu mbele ya watu.

Hivyo basi tunapata mama wawili. Katika shairi alilopelekewa yeye ni mwenye nguvu, anatakiwa awe kama masahaba wa kike. Katika shairi alilopelekewa amiri ni ajuza mgonjwa asiyeweza kubeba zaidi. Msomaji atauliza upi ndio ukweli. Sisi tunaona yote mawili ni kweli, na kwamba hivi ndivyo mtoto mkubwa anavyosema na mama yake na anavyomsemea. Mbele yake unamtia nguvu, wala humwonyeshi kwamba unauona udhaifu wake. Akiondoka, unawaambia watu: jamani, mama yangu hawezi. Nathari ya tarehe haina nafasi ya kuwaweka wote wawili, ndiyo maana hata jina la bibi huyu haikulishughulikia sana.

Kuhusu Sayfud-Dawla, wapenzi wa Abu Firas humlaumu mno, na hatutaki kufanya hivyo bila ya kumsikiliza. Hoja yake iliyopokewa ni kwamba hawezi kumkomboa binamu yake na kuwaacha Waislamu wengine kwenye minyororo. Walikuwa wengi, nao pia wana mama zao. Akitoa fidia ya mmoja kwa sababu ya damu, atawaambia nini wake na wazazi wa askari wa kawaida? Hoja hii ni ya haki, na yeyote aliyesoma uadilifu katika uongozi hawezi kuitupa. Tena wakati ule alikuwa amepooza upande mmoja na hazina yake imeporwa. Lakini hoja ya haki haikumlazimisha amrudishe bibi mzee bila ya neno la kumliwaza, na hilo ndilo lililomuuma mwana. Sayfud-Dawla mwenyewe alikuwa amemzika mama yake na kumsikiliza al-Mutanabbi akimlilia.

Mambo yalizidi kuchacha. Husimuliwa kwamba Abu Firas alimwandikia kwamba ikiwa fidia ni nzito kwake, basi amruhusu awaandikie watu wa Khurasan wamkomboe. Sayfud-Dawla akamjibu kwa kejeli: nani anayekujua wewe Khurasan? Mshairi akarudisha kwa kasida. Wanaume wawili waliolelewa nyumba moja walikuwa wakipigana kwa mashairi kupitia mpaka wa vita, na kati yao bibi mmoja akingoja.

Alifariki mwanawe akiwa bado kifungoni.

Marthia aliyomtungia ni fupi ukilinganisha na kasida zake za fahari, na haina mapambo. Anamwita mama wa mateka, na mwito huo anaurudia mwanzo wa beti moja baada ya nyingine. Cheo cha mama wa liwali au mama wa shujaa hakukigusa, alimpa cheo kile kile kilichomuua. Kisha anahesabu vilivyopotea, na hesabu yake ni ya vitu vidogo. Mleta habari njema za fidia sasa ataziletea kwa nani? Mtoto akisafiri barani au baharini, nani atamuombea dua? Anataja hata nywele za kichwa chake, kwamba hana tena wa kumfugia. Huyu ni jemadari wa miaka thelathini na kitu! Halafu anaziita siku za joto alizofunga saumu na nyusiku alizosimama kusali, na anawaita masikini aliowasaidia na wanyonge aliowapa hifadhi, wote waje wamlilie, kwa kuwa mwanawe hayupo kusimama kaburini.

Ibn Rashiq alisema hakuna cha kusema juu ya mwanamke katika marthia. Baada ya Abu Firas hoja hiyo ilipata tabu. Hakumsifu mama kwa sifa za wanaume wala kwa uzuri wa sura. Alitaja saumu, sala, sadaka, dua na nywele, yaani vile ambavyo mama hufanya kila siku na hakuna anayevihesabu mpaka viondoke. Kwetu sisi wa mwambao tunao Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao mama mgonjwa alimtungia binti yake awe nao atakapokuwa yeye hayupo. Huko mama ndiye anayesema na mtoto anasikiliza. Huku mtoto ndiye anayesema, na wa kumsikiliza hayupo.

Mabadilishano makubwa ya mateka yalifanyika mwaka 355 (966) Sumaysat, kwenye mto Furati. Sayfud-Dawla, akiwa mgonjwa, alitimiza lile alilolisema: alitoa mateka wa Kirumi aliokuwa nao, na walipokwisha akawakomboa Waislamu waliobakia kwa mali yake. Abu Firas alikuwa miongoni mwa waliotoka. Alikaa kifungoni miaka isiyofika minne. Manbij hapakuwa na mtu tena anayemngoja.

Yaliyobaki ni machache. Sayfud-Dawla alifariki Safar 356 (Februari 967), na mwanawe Abul-Maali, kijana wa miaka kama 15, akashika nafasi yake. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake Abu Firas. Mjomba na mpwa wakagombana juu ya Homs, na mwaka 357 (968) jeshi la Halab chini ya Qarghuwayh lilimshinda Abu Firas na kumuua, mwaka mmoja tu na zaidi kidogo tangu kifo cha Sayfud-Dawla. Baba aliuawa na mtoto wa ndugu yake, na yeye akauawa na jeshi la mtoto wa dada yake.

Ibn Khallikan, katika kamusi yake ya wasifu wa watu mashuhuri, ametaja kwamba mama yake Abu Firas, ambaye anamwita Sakhina, alipopata habari ya kifo cha mwanawe alijing'oa jicho, na ametaja riwaya nyingine kwamba alijipiga makofi usoni hata jicho likatoka. Habari hii bado inanakiliwa na waandishi wengi bila ya kuitazama. Haiwezi kuwa sahihi ikiwa ile marthia ni ya mama huyo, kwa sababu humo mtoto ndiye anayemlilia mama, naye bado ni mateka. Sisi tunaishika marthia. Wasimulizi walitaka mama afe kwa uchungu wa mwana kwa namna ya kutisha, wakasahau kwamba mwana alikwisha kutuambia jinsi alivyokufa: kwa kungoja.

Sayfud-Dawla alichukuliwa kutoka Halab mpaka Mayyafariqin, mji ambao leo unaitwa Silvan na uko Uturuki, akazikwa katika eneo la kaburi la mama yake. Abu Firas alikatwa kichwa, na mwili wake ukaachwa nyikani karibu na Homs mpaka alipopita bedui mmoja akauvisha sanda na kuuzika. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, pamoja na bibi wa Manbij.